Barabara ya Kamwenge: mikataba tele, mwanakijiji hayumo

Desemba 21, 2015 Benki ya Dunia ilifuta fedha zilizokuwa zimebaki katika Mradi wa Maendeleo ya Sekta ya Uchukuzi wa Uganda. Mradi wote ulikuwa wa dola milioni 265: milioni 190 za mwaka 2009 na milioni 75 zilizoongezwa 2011. Kilichouangusha ni kipande kimoja tu, kilomita 66 kutoka Kamwenge hadi Fort Portal, magharibi mwa nchi, barabara ya changarawe iliyokuwa ikiwekwa lami. Wakazi wa Bigodi na wenzao wa Nyabubale-Nkingo walilalamika kwamba wafanyakazi wa ujenzi wanawarubuni wasichana wa shule na kuwaachia mimba, wanawake walioajiriwa wanasumbuliwa kingono, watoto wanafanyishwa kazi, malori yanakimbia ovyo kati ya nyumba, na kuna watu ambao ardhi yao imeshakwenda na fidia hawajaiona.

Kisa hiki husimuliwa kama habari ya wanaume waovu na mkandarasi asiyejali. Uovu ulikuwepo. Lakini anayetaka kujua kwa nini ulidumu muda wote ule mbele ya macho ya wahandisi, wanasheria na wataalamu wa mazingira waliolipwa vizuri, aziweke kando kwanza tabia za watu ashike makaratasi. Mradi wa ushirikiano wa maendeleo ni mnyororo wa mikataba, na ndani ya mnyororo huo kila mmoja ana wajibu kwa mwenzake. Binti wa Bigodi hakuwa mwenzake na yeyote.

Nani amesaini na nani

Mkataba mama ni ule wa mkopo, kati ya Jamhuri na mkopeshaji. Kwa Uganda mkopeshaji alikuwa IDA, mkono wa Benki ya Dunia unaozikopesha nchi maskini kwa masharti nafuu. Ibara ya 159 ya Katiba ya Uganda inataka Bunge liidhinishe mkopo. Tanzania inayo Sheria ya Mikopo, Dhamana na Misaada ya Serikali ya 1974, ambayo imemkabidhi kalamu Waziri wa Fedha. Kusaini pekee hakutoshi. Mkopo hauanzi kufanya kazi mpaka masharti tangulizi yatimizwe, na mojawapo ni maoni ya kisheria, kwa kawaida ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali, kwamba mkataba umeidhinishwa ipasavyo na unaifunga nchi. Wananchi huona picha za kutia saini kwenye taarifa ya habari, kisha wanashangaa miezi inapita bila hata greda moja kuonekana. Mara nyingi hapo ndipo mradi umelala, kwenye masharti tangulizi.

Mkataba wenyewe si mnene. Uzito wake uko kwenye Masharti ya Jumla, waraka wa Benki unaoingizwa mkatabani kwa sentensi moja ya kifungu cha kwanza. Humo mna kifungu kinachosema kwamba haki na wajibu wa pande zote vinatekelezeka kama vilivyoandikwa, hata kama sheria ya nchi inasema vingine. Ugomvi ukizuka na mazungumzo yakishindikana, unapelekwa kwenye usuluhishi. Mahakama Kuu ya Kampala haihusiki. Benki husajili mikataba yake Umoja wa Mataifa, chini ya Ibara ya 102 ya Hati ya umoja huo, kwa hiyo kwa hadhi inasimama karibu na mikataba ya nchi na nchi. Sheria za ununuzi wa umma za Uganda, Kenya na Tanzania zimelikubali jambo hili waziwazi: pale sheria inapogongana na makubaliano ya kimataifa ambayo nchi imejifunga nayo, makubaliano ndiyo yanayoshika. Ndiyo sababu afisa ununuzi wa mradi wa Benki hufungua kwanza kanuni za Benki, za nyumbani baadaye.

Chini ya mkataba mama huja mikataba mingine. Taasisi tekelezi, ambayo kwa barabara hii ilikuwa Mamlaka ya Barabara ya Uganda, UNRA, inasaini na mkandarasi mkataba wa ujenzi. Inasaini mwingine na mhandisi mshauri, yule atakayesimamia kazi kwa niaba yake. Mkandarasi naye ana wakandarasi wadogo, wauza kokoto, wenye malori ya kukodi, na vibarua ambao pengine hawana hata karatasi.

Hapa pana jambo linalowachanganya wengi, waandishi wa habari wakiwemo. Benki haina mkataba na mkandarasi. Fedha zaweza kutoka Washington na kuingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kampuni, na bado kampuni ile ikawa mkandarasi wa Serikali. Benki inasimama pembeni na kutoa, au kukataa kutoa, barua ya kutokuwa na pingamizi: kwa nyaraka za zabuni, kwa ripoti ya tathmini, kwa rasimu ya mkataba, kwa mabadiliko makubwa ya kazi. Kwenye ofisi za miradi barua hiyo husubiriwa kuliko mshahara. Bila barua hiyo, zabuni kubwa haisogei. Lakini mambo yakiharibika, Benki inaweza kusema kwa haki kabisa ya kisheria kwamba aliyemwajiri mkandarasi si yeye. Mimi sijui mpangilio mwingine wa kibiashara ambamo mtu ana kura ya turufu kiasi hicho na jina lake halimo kwenye mkataba wa kazi.

Sasa mtafute mwanakijiji. Katika mkataba wa mkopo ametajwa kama mnufaika. Katika mpango wa fidia ni mtu aliyeathiriwa na mradi. Katika mkataba wa ujenzi anaangukia kwenye kundi la watu wengine, wale ambao mkandarasi anakata bima kwa ajili yao. Hakuna alipotajwa kama upande wa makubaliano, na kanuni ya mikataba tuliyoirithi kutoka Uingereza haimbembelezi: asiyekuwa upande wa mkataba hawezi kuudai. Serikali iliiahidi Benki kwamba atalindwa. Mkandarasi aliiahidi UNRA. Mwenye haki ya kudai ahadi hizo ni yule aliyeahidiwa, na aliyeahidiwa hakuumia.

Hili halikuanzia Uganda. Novemba 1994 Mahakama Kuu ya Uingereza ilitamka kwamba serikali yake ilivunja sheria ilipotoa pauni milioni 234 kwa ajili ya bwawa la Pergau huko Malaysia. Sheria ya 1980 ya misaada ilitaka fedha zikuze maendeleo, na wataalamu wa wizara yenyewe walikuwa wameshaonya kwamba bwawa lile halina faida kiuchumi. Ulikuwa ushindi mkubwa, na bado unafundishwa vyuoni. Lakini aliyeshtaki alikuwa shirika la Kiingereza, kwa sheria ya Kiingereza, juu ya matumizi ya kodi za Waingereza. Watu wa jimbo la Kelantan, bwawa lilikojengwa, hawakuwa na kiti mahakamani. Na bwawa lilikamilika.

Kinachopimwa ndicho kinacholipwa

Mwanasheria akimaliza, anaingia meneja wa mradi na bango kitita lake. Jedwali hili, lenye lengo kuu juu na shughuli chini, viashiria katikati na safu ya mwisho ya mambo yanayodhaniwa yatakuwa sawa, lilibuniwa kwa ajili ya shirika la misaada la Marekani, USAID, mwaka 1969, kwa sababu miradi yake ilikuwa haieleweki inataka kufikia nini. Wajerumani wakalichukua miaka ya themanini, na leo huwezi kuomba hata fedha za kisima bila kulijaza. Ni chombo kizuri. Kasoro yake iko kwenye safu ile ya mwisho. Kila kinachosumbua na kisichopimika kirahisi hutupwa humo na kuitwa dhana. Kwamba mamia ya wanaume wageni wenye mishahara wataishi jirani na shule za msingi kwa miaka mitatu bila madhara, hiyo nayo ni dhana, na kwa bahati mbaya hakuna anayeiandika.

Tazama hati ya malipo ya mwezi ya mradi wowote wa barabara. Mkandarasi anaorodhesha kazi aliyofanya kwa kufuata jedwali la vipimo na bei: kifusi kwa mita za ujazo, makalvati kwa mita, lami kwa mita za mraba. Mhandisi mkazi, mtu wa mhandisi mshauri pale kazini, anatuma watu wake na futi za kupimia, anakata palipozidishwa, anasaini. Kwa masharti ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, yale yanayotumika katika miradi mingi ya aina hii, mwajiri ana siku 56 za kulipa tangu mhandisi apokee madai na vielelezo vyake. Akichelewa, riba inaanza kuhesabika. Kila mtu kwenye mnyororo anajua bei ya kuchelewesha karatasi hiyo, hivyo haicheleweshwi bila sababu.

Halafu teremka mpaka chini kabisa ya jedwali. Hapo ndipo hukaa elimu ya UKIMWI, kunyunyiza maji kupunguza vumbi, alama za usalama, vikao na wanakijiji. Mara nyingi ni bei moja ya jumla, au kiasi cha makadirio kinachotumika mhandisi akiagiza. Hakuna futi ya kupimia vikao. Mkandarasi asipovifanya, anachokosa ni kiasi kidogo tu cha fedha. Asipomwaga lami, amekosa mkate. Kwa hiyo tusiseme mikataba ilikuwa kimya. Toleo la FIDIC la 2010 kwa ajili ya benki za maendeleo lina kifungu kizima kinachomtaka mkandarasi aendeshe kampeni ya kuzuia UKIMWI, na kingine kinachokataza ajira ya watoto. Maneno yapo. Kilichokosekana ni mtu ambaye mshahara wake unategemea maneno hayo yatekelezwe.

Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia lilipochunguza Kamwenge na kutoa ripoti Agosti 2016, lilikuta hayo hayo kwa lugha ya kiofisi: Benki haikupima ipasavyo hatari ya wafanyakazi wengi kuingia kwenye vijiji vidogo, haikuhakikisha mkandarasi ana uwezo wa kusimamia mambo ya kijamii, na usimamizi wake wa upande huo ulikuwa dhaifu. Malalamiko ya kwanza yaliifikia Benki mwishoni mwa 2014. Malipo yalisitishwa Oktoba 2015. Wenye kazi zao wataeleza kwamba misheni, yaani ziara ya maafisa wa Benki, ilipangwa, barua ziliandikwa, majibu yalisubiriwa. Kwa msichana wa darasa la saba miezi kumi ni mimba nzima na mtoto.

Adhabu na anayeilipa

Mkopeshaji ana silaha tatu mkatabani: kusitisha malipo, kufuta sehemu ya mkopo isiyotumika, na kudai kilichokwisha kutumika kirudishwe mapema. Zote zinalenga hazina ya nchi. Hakuna hata moja inayomgusa mkandarasi moja kwa moja, wala inayompa mlalamikaji senti.

Uganda ilipofutiwa fedha, vichwa vya habari viliita hatua kali, na ilikuwa kali. Rais wa Benki wakati huo, Jim Yong Kim, alikiri kwamba makosa yalikuwa ya pande zote tatu: Benki, Serikali na mkandarasi. Lakini fikiria hesabu yake. Fedha zilizofutwa ndizo ambazo, mradi ungeendelea, zingeweza kulipia fidia zilizobaki na kumbana mkandarasi arekebishe. Mradi ukishafutwa, mkopeshaji hana tena kamba ya kuvutia. Ilibidi programu ya dharura ya kuwalinda watoto ianzishwe pembeni. Ndiyo maana wanaharakati wazoefu hawakimbilii kuomba mradi ufutwe. Wanaomba usitishwe, kwa sharti la marekebisho, na fedha za marekebisho zitengwe kabla ya chochote kingine.

Dirisha moja na nusu

Jopo hilo la Ukaguzi ni dirisha lililotobolewa mahususi kwa mtu asiyekuwa kwenye mkataba. Liliundwa kwa azimio la wakurugenzi wa Benki la Septemba 1993, baada ya aibu ya bwawa la Sardar Sarovar kwenye mto Narmada, India, ambako tume huru ilikuta watu wanahamishwa kinyume na kanuni za Benki yenyewe. Watu wawili au zaidi wanaoathirika wanaweza kulalamika, au kumtuma mwakilishi. Si lazima wawe na wakili. Sharti kubwa ni kwamba wawe wameshaieleza Benki kwanza na hawakuridhika.

Wengi hufika na matumaini makubwa kuliko mamlaka ya Jopo. Jopo haliichunguzi Serikali, halimchunguzi mkandarasi. Linaichunguza Benki tu, kwa swali moja: je, mlifuata sera zenu wenyewe, na kama hamkufuata, madhara yametokana na hapo? Halitoi hukumu ya fidia. Ripoti inakwenda kwenye bodi, menejimenti inaleta mpango wa hatua za kurekebisha, bodi inapitisha. Tangu 2020 kumeongezwa huduma ya upatanishi kwa wanaopenda kuzungumza badala ya kuchunguza.

Mahakama? Kwa miaka mingi jibu lilikuwa kinga. Wavuvi na wakulima wa Mundra, jimbo la Gujarat, walijaribu kuivunja. IFC, kampuni ya kundi la Benki ya Dunia inayokopesha sekta binafsi, ilikuwa imekopesha dola milioni 450 kwa mtambo wa umeme wa makaa ya mawe ambao wao walisema umeharibu maji na riziki zao. Februari 27, 2019, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kura saba dhidi ya moja kwamba mashirika ya kimataifa hayana kinga kamili. Yana kinga kama ya serikali za kigeni, ambayo haifuniki shughuli za kibiashara. Watu walishangilia. Kesi iliporudi chini, majaji wakasema kiini cha lalamiko ni mambo yaliyotendeka India, si Marekani, kwa hiyo kinga ipo pale pale. Rufaa ilishindwa 2021, na mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ilikataa kuisikiliza tena. Mlango ulifunguliwa wazi, ila ukumbini kulikuwa na mlango wa pili.

Kilichobadilika baada ya Kamwenge

Si haki kusema hakuna. Benki iliunda kikosi kazi juu ya ukatili wa kijinsia, na mfumo wake mpya wa mazingira na jamii, ulioanza kutumika Oktoba 2018, umeleta mabadiliko ambayo mimi nayaona makubwa kuliko yanavyozungumzwa. Ahadi za kijamii na kimazingira sasa zinaandikwa kwenye mpango maalumu ambao ni sehemu ya mkataba wa mkopo wenyewe, na tarehe na majina ya wahusika. Zamani zilikaa kwenye ripoti nene ya tathmini ya athari ambayo mhandisi mkazi huenda hakuwahi kuifungua. Nyaraka za zabuni za kazi kubwa zinadai kanuni za maadili kwa kila mfanyakazi, na pale hatari ni kubwa mkandarasi anaweka dhamana ya utendaji kwa upande huo pia. Tangu Januari 2021, katika mikataba mikubwa yenye hatari hiyo, kampuni itakayobainika kukiuka masharti ya kuzuia unyanyasaji wa kingono inaweza kufungiwa miaka miwili kupata kazi za Benki. Hilo la mwisho ndilo linaloongea lugha ya mkandarasi.

Yote hayo, hata hivyo, bado ni ahadi kati ya wenye mikataba. Ona mradi wa REGROW nchini Tanzania, dola milioni 150 zilizoidhinishwa Septemba 2017 kukuza utalii wa Nyanda za Juu Kusini, Hifadhi ya Taifa ya Ruaha ikiwemo. Mwaka 2023 wakazi waishio jirani na hifadhi walilalamika kwa Jopo juu ya kuhamishwa, mifugo kukamatwa na vitendo vya ukatili wa askari wa hifadhi. Malipo yalisitishwa Aprili 2024, mradi ukafungwa Novemba mwaka huo. Hapa mgogoro ulikuwa mgumu zaidi kisheria kuliko wa Kamwenge, kwa sababu mipaka ya hifadhi inatangazwa kwa sheria ya nchi, na askari wanatumia mamlaka waliyopewa na sheria hiyo hiyo. Mradi uliukuta ugomvi wa ardhi pale, ukamwezesha upande mmoja. Benki ikijiondoa, magari na ofisi zilizonunuliwa zinabaki, mpaka unabaki, na mlalamikaji amebaki na ripoti.

Kwa anayeishi karibu na mradi unaoanza leo, mkataba wa mkopo si siri. Benki ya Dunia huuweka kwenye tovuti yake, pamoja na mpango wa ahadi za mazingira na jamii. Ruka dibaji. Nenda kwenye jedwali la pili, lile la utekelezaji, uone Serikali imejifunga kufanya nini kabla ya fedha kutoka. Halafu fungua mpango wa ahadi utafute utaratibu wa malalamiko: ofisi ipi, simu ipi, majibu baada ya siku ngapi. Lalamiko liandikwe na tarehe, nakala ibaki, na moja ipelekwe ofisi ya Benki nchini, maana bila hiyo Jopo litauliza kwa nini hamkuanzia huko. Na saa inahesabu: kwa miradi iliyoidhinishwa tangu muda wa kulalamika kwa Jopo uongezwe, mlango unafungwa miezi 15 baada ya mkopo kufungwa.